Usiombe Mtoto Asirudi



Karibu kila mwaka, mwezi wa saba na wa nane, napokea ombi la aina moja. Mzazi anakuja kuniona baada ya ibada, au ananitumia ujumbe usiku, kunieleza kwamba mtoto wake amepata nafasi ya kwenda kusoma ng'ambo. Tunashangilia pamoja. Kisha anashusha sauti: "Pasta, tuombee Mungu afungue mlango. Akishafika huko, asirudi."

Leo nataka kulijibu ombi hilo, maana si la mzazi mmoja. Nalisikia hapa Kitale, na nalisikia Bungoma tukienda mazishini na harusini. Nitalijibu kwa habari ya binti mmoja wa kanisa letu. Yeye na wazazi wake wameniruhusu niisimulie, mradi nisitaje majina.

Kwanza tuelewane. Kwenda ng'ambo kuna njia nyingi. Wako wanaoenda chuo kikuu, wako wanaoenda kazini Doha na Riyadh, wako wanaohamia kabisa kwa makaratasi halali. Binti huyu alikwenda kwa programu ya kubadilishana wanafunzi. Mtoto wa sekondari, mara nyingi wa miaka 15 hadi 17, anakaa na familia ya huko kama mtoto wa nyumbani, anasoma shule ya kawaida karibu miezi kumi, halafu anarudi kwao.

Programu hizi zina historia. Shirika la AFS lilianza na vijana wa Marekani waliojitolea kuendesha magari ya wagonjwa kule Ufaransa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Walibeba majeruhi na maiti. Vita vya Pili vilipokwisha, wakasema afadhali watoto wa mataifa wakae mezani pamoja kabla hawajakutana vitani, wakaanza kubadilishana wanafunzi wa sekondari. Baadaye, baada ya shambulio la Septemba 11, 2001, serikali ya Marekani ilianzisha mpango unaoitwa YES, wenye majina ya maseneta Kennedy na Lugar, na Kenya ni mojawapo ya nchi zinazopeleka wanafunzi. Familia zinazowapokea watoto hawa hazilipwi. Ni watu wanaofungua mlango wa nyumba yao na kuongeza sahani mezani.

Binti wetu alikuwa na miaka 16, Kidato cha Pili. Baba yake ni fundi wa pikipiki hapa Kitale, mama yake anauza omena na mboga sokoni. Nyumbani kwao kwa asili ni upande wa Chwele, Bungoma. Mwalimu wake wa Kiingereza alimletea fomu. Aliandika insha, akafanya mtihani, akaitwa kwenye mahojiano mara mbili. Siku alipopigiwa simu kwamba amefaulu, baba yake alikuja kwangu akiwa bado na oili mikononi. Swali lake la kwanza halikuwa la shukrani. Aliniuliza, "Pasta, hii si kama ile ya Finland?"

Sisi wa pande hizi tunajua alichomaanisha. Mwaka 2023 wazazi wa jirani zetu wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret wakidai pesa walizolipia mpango wa masomo ya Finland na Kanada. Wengine walikuwa wameuza mashamba. Kwa hiyo mzee huyu alikuwa na haki ya kuogopa. Tulikaa tukasoma karatasi zote pamoja, mstari kwa mstari. Hakukuwa na mahali alipotakiwa kulipa karo ya huko wala tiketi ya ndege. Lakini kulikuwa na mahali pa kutia sahihi, yeye na mtoto, kwamba muda ukiisha mtoto atarudi Kenya.

Baba alitia sahihi. Binti naye akatia ya kwake, polepole, kama mtu anayeandika jina lake kwenye mtihani.

Sherehe ya kumuaga ilifanyika Chwele. Jamaa walijaa, kuku wakachinjwa, tukaimba. Ndipo khocha wake, yaani mjomba, ndugu ya mama, akasimama kutoa baraka. Akamwambia mbele ya watu wote, "Mtoto wetu, ukifika huko jifiche. Amerika ni kubwa. Usiturudie hapa kwa matope." Watu wakacheka, na wengi wakasema Amina. Akanigeukia: "Sasa Pasta atuombee hivyo."

Nilisimama nikamwambia kwa heshima, "Khocha, hilo siwezi kuliomba." Pakawa kimya. Nikawaeleza kwamba mtoto ametia sahihi, na baba yake ametia sahihi. Zaburi ya 15 inauliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, na katika sifa zinazotajwa pale imo hii: mtu aliyeapa, na hata kiapo kikimgharimu, habadilishi. Sasa nitamwombaje Mungu wa Zaburi ya 15 amsaidie mtoto kuvunja neno lake? Nikawakumbusha pia Zaburi ya 121, ile tunayoiomba kila mtu akisafiri. Mwisho wake unataja kutoka na unataja kuingia. Sisi tunaishika nusu ya kwanza peke yake, na Bwana ameahidi kulinda zote mbili.

Nikaomba aende salama na arudi salama. Amina za safari hii zilikuwa chache.

Alipelekwa Iowa, jimbo linaloongoza Marekani kwa kilimo cha mahindi. Ujumbe wake wa kwanza ulinichekesha: "Pasta, wamenitoa kwenye mahindi wakanileta kwenye mahindi." Alisema mashamba ni makubwa kuliko yoyote aliyoyaona Trans Nzoia, lakini unaweza kupita kutwa nzima usione mtu akipalilia. Mashine moja inavuna kazi ya kijiji.

Aliwekwa kwa wazee wawili ambao watoto wao walishaoa na kuhama. Mwezi wa kwanza alilia. Nyumba ilikuwa kimya mno. Chakula cha jioni kililiwa saa kumi na mbili, na baada ya hapo baba wa nyumba ndiye aliyeosha vyombo. Siku ya kwanza alikimbia kumpokonya sahani, mzee akacheka akampa kitambaa akaushe. Wakawa wanaosha pamoja kila jioni, na huko kwenye sinki ndiko Kiingereza chake kilikolainika.

Wazee wale hawakuwa watu wa kanisa sana. Aliniandikia kwamba hawaombi kabla ya kula, na aliogopa kwamba amekaa katika nyumba isiyo na Mungu. Nikamwambia, "Binti yangu, wewe omba. Usiwahubirie kwa macho makali. Inamisha kichwa, shukuru, kula." Akafanya hivyo nyumbani na shuleni. Shuleni kijana mmoja alimwuliza anafanya nini akiinamia sahani. Akamweleza. Tangu siku hiyo kijana yule alikuwa anaacha kutafuna mpaka binti amalize, ndipo aendelee kula. Hakuokoka, wapendwa, nisiwadanganye. Alinyamaza tu kwa heshima. Lakini mtoto wa miaka 16 kutoka Kitale alikuwa amewafundisha watu meza moja kunyamaza mbele za Mungu, bila kipaza sauti.

Na yeye naye alifundishwa. Novemba aliombwa aeleze shule nzima kuhusu Kenya. Wenzake walimwuliza watu wake ni akina nani, wanaitaje watoto majina, mababu zao walitoka wapi. Akagundua hajui. Ikabidi ampigie nyanya yake Chwele, kukhu wake, kwa WhatsApp ya simu ya jirani. Kukhu akamsimulia juu ya Mlima Elgon, juu ya majina, juu ya ndoa ya zamani. Mazungumzo kama hayo hawakuwahi kuyafanya walipokuwa wamekaa jiko moja.

Alimweleza kukhu pia kwamba ametafuta unga wa ugali dukani akapata wa njano tu. Kukhu akashtuka. Mwaka 1984, wakati wa ule ukame, mahindi ya njano yaliletwa Kenya kutoka nje, mengi yakitoka Marekani, na wazee wetu mpaka leo wakiona njano wanakumbuka njaa. Akauliza, "Mjukuu wangu, kwani huko kuna njaa?" Binti akapika ugali ule hivyo hivyo, akawalisha wale wazee wawili kwa sukuma wiki. Walikula kwa uma.

Ndiyo maana ya neno kubadilishana. Mtoto hakwenda kuchukua tu. Alitoa, akapewa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mwezi wa kwanza, katikati ya theluji, nilipata ujumbe wake saa kumi na moja alfajiri nikijiandaa kwa maombi. Kwao ilikuwa saa mbili usiku. Aliandika, "Pasta, nifanye nini?"

Khocha alikuwa amempata mtu wa kwetu anayeishi jimbo lingine kule Marekani. Mtu huyo alisema yuko tayari kuja na gari mwezi wa tano, kabla programu haijaisha, amchukue. Atamtafutia kazi ya kuwatunza wazee, atalala kwake, baadaye mambo ya makaratasi "yatajipanga". Na wapendwa, binti huyu alikuwa na sababu. Kaka yake alikuwa ametumwa nyumbani mara ya tatu kwa ajili ya karo. Mama yake alikuwa na deni la chama. Mshahara wa miezi michache ungemaliza yote. Usimhukumu mtoto haraka kama hujawahi kuwa na miaka 16, ukiwa mbali, na simu mkononi inayokuambia kwamba wewe ndiwe wokovu wa nyumba yenu.

Sikumkemea. Nilimwandikia maswali matatu.

La kwanza: Jina lililo kwenye ile karatasi ni la nani?

La pili: Ukipotea, yule mama aliyekupa ufunguo wa nyumba yake atawaambia nini polisi usiku ule? Na mwalimu wako wa Kiingereza, mwakani akipeleka mtoto mwingine wa shule yenu kwenye mahojiano, atajibu nini?

La tatu: Huyo anayekuja na gari, baba yako anamfahamu kwa sura?

Kisha nikamwambia neno moja ambalo halikuwa swali. Nilimwambia, usilale kabla hujamweleza mama wa nyumba na msimamizi wa programu kwamba kuna mtu mzima usiyemjua anayetaka kukuchukua kwa gari. Mzazi unayesoma hapa, hilo lishike. Mtoto aliyefichwa hawezi kwenda hospitali bila hofu. Hawezi kwenda polisi akidhulumiwa. Anayemlaza ndiye anayeshika mshahara wake na hati zake. Tunaita hilo mlango wa baraka, lakini wasichana wengi wameingia utumwani kwa mlango wa namna hiyo hiyo.

Hakunijibu siku mbili. Nilikesha nikiomba. Siku ya tatu akaandika: "Nimemwambia Mama. Tumelia wote wawili. Nitarudi." Nilipiga magoti pale pale ofisini.

Alirudi mwezi wa sita. Tulimpokea Eldoret, tukapitia Kitale, kesho yake tukashuka Chwele. Jamaa walikuwa wamejaa tena, wakihesabu masanduku. Yalikuwa mawili, na moja lilikuwa la vitabu. Khocha akamwuliza, "Umetuletea nini?" Akampa soksi nzito za sufu alizonunuliwa na wale wazee wa Iowa. Khocha aliziweka mapajani akazitazama muda mrefu.

Nisiwape ushuhuda wa sukari, wapendwa. Kurudi kulimgharimu. Wenzake walikuwa wamemtangulia darasa, akakaa na watoto aliowaacha nyuma. Deni la mama halikufutika. Karo ya kaka yake ililipwa baba alipouza mtamba, ng'ombe pekee waliyekuwa wakimtarajia azae. Wako watu Chwele ambao hadi leo husema mtoto yule alikuwa mjinga, na wengine husema pasta ndiye aliyemharibia. Nimelikubali neno hilo. Zaburi ya 15 haikuficha kwamba kiapo huweza kukuumiza.

Lakini niwaambie ninachokiona. Jumamosi saa nane, binti huyu hukaa na watoto wa kanisa akiwasomea vile vitabu. Kaka yake sasa huosha vyombo, baada ya vita kidogo. Katika mafunzo ya Biblia anauliza maswali, tena magumu, na vijana wengine wameanza kuuliza. Anaomba kwa sauti ya chini kuliko zamani na anakaa magotini muda mrefu kuliko zamani. Na mwaka uliofuata mwalimu wake alipopeleka fomu za watoto wengine wawili, hakuwa na cha kuficha.

Tulitangulia kuambiwa haya na historia yetu wenyewe. Mwaka 1959 Tom Mboya alipopeleka ndege ya kwanza ya wanafunzi Marekani, ilibeba vijana 81, na mamia wakafuata. Jamii zilichanga kuwasindikiza. Mwaka 1960 akaenda Wangari Maathai, msichana wa Nyeri, akasomea Kansas kwenye chuo cha watawa. Mwaka 1966 alirudi. Mwaka 1977 akaanzisha Green Belt, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Je, kama ndugu zake wangeomba asirudi, na Mungu akawajibu? Miti ile angeipanda nani?

Sisemi kila aliyebaki ng'ambo ametenda dhambi. Ruthu aliondoka Moabu akabaki Bethlehemu, na Mungu akambariki. Wako ndugu zetu wanaoishi nje kwa njia halali, wanasomesha nusu ya kijiji, na tunawaombea. Wanaokwenda kwa mpango wa YES hutakiwa na sheria ya Marekani kukaa kwao jumla ya miaka 2 kabla ya kuomba makao au viza fulani za kazi kule. Wakishatimiza, njia iko wazi, waende mchana wakiwa na jina lao.

Yusufu alichukuliwa Misri akiwa na miaka 17. Alikulia huko, akaoa huko, akatawala huko. Hakupata kurudi kukaa. Lakini soma mwisho wa Mwanzo 50: aliwaapisha ndugu zake wasiiache mifupa yake. Na katika Kutoka 13, usiku wa haraka kuliko usiku wote, Musa akaibeba. Hata Bwana wetu Yesu alikuwa mtoto ugenini Misri, na Mathayo 2 inatuambia aliyemlinda alipewa amri mbili: ya kumpeleka, na ya kumrudisha.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, mtoto wako akipata nafasi, fanya haya. Soma karatasi zote kabla ya kutia sahihi, na ukidaiwa pesa nyingi za haraka, simama uulize. Zungumza naye habari za kurudi kabla hajapanda ndege, ili asije akadhani mnamtarajia asirudi. Usimtumie deni la nyumba kwenye simu. Yeye ni mtoto, si benki. Waambie wajomba na mashangazi wamwache asome. Na akirudi, usimwulize ameleta nini. Mwulize ameona nini, kisha nyamaza umsikilize.

Tuombe.

Baba, tunawaleta mbele zako watoto wa Kitale na Bungoma walio katika nyumba za watu wengine usiku huu. Wabariki wanaowaongezea sahani mezani. Wafunike na kila mwenye gari asiyejulikana. Wape ujasiri wa kusema ndiyo yao na iwe ndiyo, hata ikiwauma. Utupe na sisi tuliobaki nyumbani moyo wa kuwapokea jinsi walivyo, wakiwa na masanduku mawili au hata bila sanduku. Walinde katika kutoka, na walinde katika kuingia. Katika jina la Yesu.

Kama una mtoto, ndugu au mwanafunzi aliye mbali, andika jina lake la kwanza tu hapa chini, nasi tutalitaja kwenye maombi ya alfajiri. Mungu awabariki. Amina.